Majina matatu ya mtoto mmoja

Kimya kingi kina mshindo. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na wale mliokuwa mnauliza kama nimeacha chuo jueni tu kwamba nilijichimbia maktaba. Tena wala sikuwa nasomea mtihani. Nilikuwa natafuta mtu. Na mtu mwenyewe, kama hesabu zangu ziko sawa, alizaliwa kabla Mjerumani hajakanyaga Newala.

Nieleze. Kwetu ni Mnyambe, juu kule kwenye tambarare ya Makonde. Mama yake bibi wa bibi yangu (fuata taratibu hapo, hata mimi nilihesabu kwa vidole) alikuwa na mdogo wake wa kike. Siku moja walishuka bondeni kuteka maji, wakarudi pungufu. Basi. Hakuna kaburi, hakuna tanga lililowekwa, hakuna aliyesema amemwona amekufa. Kwenye ukoo wetu huyo mtoto bado anahesabiwa "aliyeshuka maji". Bibi alipojua kwamba nasoma historia Mlimani, hakuuliza itanipa kazi gani kama wanavyouliza wajomba zangu. Alisema, "Vizuri. Sasa utamtafuta mwenzetu."

Watu wasiokwenda kwetu hawaelewi hili jambo la maji. Tambarare ya Makonde ina udongo unaokunywa mvua yote ikanyeshapo, juu hakubaki kijito. Wazee wetu walijua hivyo na bado wakachagua kukaa juu, kwenye vichaka vizito ambavyo mgeni haoni mbele hatua kumi. Vichaka vilikuwa ngome. Misafara ya watumwa iliyokuwa ikitoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani ilipita chini, na Wangoni nao baadaye walipata shida kupanda na kupigana ndani ya vichaka. Lakini ngome ile ilikuwa na mlango mmoja usiofungika, nao ni kiu. Kina mama na watoto walilazimika kushuka mabondeni, mwendo wa saa nyingi kwenda na kurudi, mitungi kichwani. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza maisha ya Wamakonde, Wayao na Wamakua, alishangaa sana jinsi watu walivyojenga mbali na maji. Mabomba yalianza kupandisha maji juu miaka ya 1950. Kwa hiyo ukisikia Mmakonde anasema mtu amepotea njia ya maji, usidhani ni fumbo.

Sasa kwa nini bibi amkazanie mtoto wa miaka mia na arobaini na kitu iliyopita? Hapa ndipo watu wa pwani na wa kaskazini tunapoachana nao. Sisi ni watu wa upande wa mama. Mtoto ni wa litawa la mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Angepotea mvulana, tungemlilia, lakini watoto wake popote alipozalia wangekuwa wa ukoo wa mke wake. Aliyepotea ni msichana. Maana yake kila aliyezaliwa naye, na binti wa binti yake, na binti wa binti wa binti yake, mpaka aliyezaliwa asubuhi hii, ni wa litawa letu halisi, sawasawa na mimi. Yaani huenda kuna mtu Unguja au Ushelisheli anakunywa chai saa hizi, na kwa sheria ya kwetu mjomba wangu ndiye mjomba wake. Yeye mwenyewe anajihesabu kwa baba, kwa hiyo hata akiamua kutafuta asili yake ataanza na upande usio wetu. Tunatafutana huku kila mmoja ameangalia kwingine.

Siku hizi mtoto akipewa wazazi wengine kuna neno lake, kuasili, na kuna karatasi zake. Kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: ombi linakwenda Mahakama Kuu, hakimu anayeamua ni jaji, na Msajili Mkuu anatakiwa kuwa na rejista ya watoto walioasiliwa. Unaweza kulalamika kuhusu urasimu utakavyo, lakini mtoto anaacha alama kwenye daftari. Sasa jiulize, mwaka 1870 na kitu, mtoto wa miaka minane akishushwa kwenye jahazi lililokamatwa na manowari ya Waingereza, nani alimpa wazazi?

Jibu ni kwamba kazi hiyo ilifanywa na konseli. Jahazi likikamatwa, watu waliokuwemo walihesabiwa kuwa huru, na konseli wa Uingereza Unguja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa John Kirk, ndiye aliyepaswa kuwatafutia pa kukaa. Watu wazima walipelekwa huku na huko kufanya kazi. Watoto waligawiwa misheni. Kulikuwa na Waanglikana wa UMCA, Kiungani kwa wavulana na Mbweni kwa wasichana. Kulikuwa na mapadre Wafaransa wa Roho Mtakatifu, walioanza Unguja wakahamia Bagamoyo mwaka 1868. Kuanzia 1875 kulikuwa na Freretown ya CMS pale Mombasa. Kabla ya hapo wengi walipelekwa Bombay, na huko Nasik kulikuwa na makao ya watoto wa Kiafrika waliokombolewa. Ushelisheli nako, kati ya 1861 na 1872, walishushwa zaidi ya watu 2,000, na baadaye CMS wakajenga shule ya watoto wao juu ya mlima kisiwani Mahé. Ndugu wawili waliokamatwa siku moja, wakafungwa kamba moja, wakapanda jahazi moja, waliweza kuishia mmoja akisali Kilatini Bagamoyo na mwingine Kiingereza Nasik. Hakuna ubaya uliokusudiwa hapo, walikuwa wanagawana mzigo wa kulea. Lakini ukiwa ndugu unayetafuta, mgawanyo huo ni kama kutupa punje za mtama kichakani.

Mimi nilianza kwa ujinga wa kawaida wa mwanafunzi: tafuta jina. Jina la mtoto wetu tunalijua (bibi amenikataza kuliandika hapa, na nitaeleza kwa nini). Nikafungua vitabu vya historia ya UMCA nikitafuta jina la Kimakonde. Jamani! Hakuna majina ya nyumbani humo. Angalia wale wavulana watano ambao Sultani Majid alimpa Askofu Tozer mwaka 1864, wanafunzi wa kwanza kabisa wa misheni ile. Wamo John Swedi, George Farajallah, Robert Feruzi. Ukiyasoma haraka unaona majina mawili, la Kizungu na la nyumbani. Wapi! Swedi, Farajallah, Feruzi siyo majina ya bara. Ni majina aliyopewa mtumwa pwani, na mengi yao yana harufu ya baraka na bahati: Mabruki, Baraka, Majaliwa. Mwenye mali alimpa mtumwa jina la heri kama vile unavyoandika "Mungu Mkubwa" kwenye jahazi lako.

Kwa hiyo mtoto mmoja alikuwa na majina matatu. La kwanza alilopewa na mama yake, ambalo liliishia kwenye msafara. La pili la pwani, la sokoni. La tatu la ubatizo, na hilo mara nyingi lilikuwa la Mwingereza, kwa sababu kulikuwa na wafadhili Uingereza waliokuwa wanalipia matunzo ya mtoto mmoja mmoja. Daftari la ubatizo linajua la tatu, mara nyingi na la pili. Sisi Mnyambe tunajua la kwanza. Kati ya daftari lao na kumbukumbu yetu hakuna hata herufi moja ya kugusana.

Basi nikasema nitumie kabila. Hapo nako kuna mtego. Kabila lililoandikwa lilikuwa jibu la mtoto mwenye hofu kwa swali la mtu asiyemjua, au lilikuwa neno la mfanyabiashara. Aliyetoka mbali bara aliweza kuitwa Mnyasa tu, basi imetosha. Mtoto wa Kimakonde aliyekaa miezi sita kwa Myao kabla ya kufikishwa Lindi, akajifunza Kiyao, angeandikwa nini? Na zile alama za kwetu zilizokuwa zinamtambulisha Mmakonde popote, chale za usoni na ndonya ya mdomo wa juu kwa wanawake, zilikuja na kukua. Mtoto wa miaka minane aliyekuwa hajachezwa unyago angeweza kufika Unguja hana kitambulisho kamili usoni. Bibi nilipomwambia hivyo alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kwa hiyo walichukua asiyesomeka." Sijawahi kusikia mhadhiri akilisema vizuri zaidi.

Lakini msinione nakata tamaa, kwa sababu historia ya eneo letu ina watu waliopatana kweli. Na kisa ninachokipenda kuliko vyote kinahusu vijana wawili, Chuma na Wikatani.

Mwaka 1861 Livingstone na Askofu Mackenzie waliwafungua watumwa kwenye misafara kule nyanda za juu za Shire, Malawi ya leo. Miongoni mwao walikuwamo watoto hawa. Wakalelewa na misheni Magomero, misheni ikasambaratika, na mwaka 1864 Livingstone akavuka nao bahari mpaka Bombay kwenye kimeli chake kidogo, akawaacha shule. Akawarudia. Machi 1866 alishuka nao Mikindani, wakapanda kufuata Ruvuma, kusini ya kwetu kabisa, pamoja na wenzao wa Nasik. Septemba mwaka ule, karibu na mwisho wa kusini wa Ziwa Nyasa, Wikatani akakutana uso kwa uso na kaka yake. Akaambiwa ana kaka wawili na dada wanaoishi upande wa magharibi. Livingstone akamuuliza kama anataka kubaki, akajibu ndiyo papo hapo. Na kuna kitu kimoja Livingstone alikiandika kwenye shajara yake ambacho mimi nikikisoma moyo unashtuka: kijana aliamini kwamba ndugu zake hawatamuuza tena.

Tena! Neno moja tu hilo. Sisi tunaotafuta ndugu waliopotea huwa tunajiweka upande wa waliolia. Hatujiulizi kama kuna mtu nyumbani alipokea kitambaa. Njaa ya mwaka fulani, deni, kesi ya uchawi, mjomba kubanwa na wakubwa, yote haya yalipeleka watoto sokoni bila mvamizi yeyote kushuka kutoka mbali. Na kwenye jamii ya upande wa mama, mwenye mamlaka ya kumtoa mtoto kulipia deni alikuwa huyo huyo mjomba. Nilimuuliza bibi kwa adabu zote, nikazunguka sana, kama kuna uwezekano mtoto yule hakutekwa bondeni. Hakukasirika. Alisema hadithi aliyopewa na bibi yake ni ya maji, na yeye hana nyingine. Nimeiacha hapo, ila kama mwanahistoria nimeiandika pembeni ya daftari.

Chuma yeye alitaka kubaki pia, Livingstone akamkatalia akilini mpaka akakubali kuendelea. Ndiye huyu ambaye yeye na Susi waliongoza wenzao kubeba mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo mwaka 1874. Akaja kuongoza msafara wa Joseph Thomson, akafa Unguja mwaka 1882. Wote wawili walitolewa mnyororoni pamoja. Mmoja alirudi kwa ndugu, historia ikamsahau. Mwingine hakurudi, ana sura kwenye kila kitabu. Ukiwa unatafuta kwenye vitabu, jua kwamba aliyefanikiwa kufika kwao ndiye usiyemwona.

Halafu kuna Masasi yenyewe. Wengi hata wa kwetu hawajui mji ule wa misheni ulianzishwa na nani. Siyo wazungu peke yao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja kupitia Lindi na watu zaidi ya hamsini, wanaume na wanawake waliokombolewa, waliolelewa na misheni, waliokuwa wamejitolea kurudi bara. Nia ilikuwa kufika mbali zaidi kuelekea Nyasa. Walipofika kwenye yale majabali ya Masasi, wakaona ardhi nzuri na maji, wakasimama hapo hapo. Vitabu vya misheni vinapenda kuita safari ile "kurudi nyumbani". Mimi naona ni nusu kweli. Walikuwemo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, wanaongea Kiswahili cha Unguja, wamevaa Kiunguja. Walirudishwa kwenye nchi, siyo kwenye nyumba. Jirani Mmakua aliyewaona kwa mara ya kwanza nadhani aliona watu wa pwani tu wamekuja kulima.

Lakini kwa kutafuta ndugu, mahali pale palikuwa soko la habari. Mtu alikuwa na miguu tu, anauliza kijiji hadi kijiji. Cecil Majaliwa alikuwa Myao, alitekwa mtoto, akalelewa na misheni Unguja, akapelekwa kusoma Canterbury, halafu mwaka 1886 akatumwa Chitangali kwa Nakaam, mkuu wa Wayao, akafundishe. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre na UMCA. Fikiria: mtu aliyetolewa kwa Wayao akiwa mzigo, anarudishwa kwa Wayao akiwa padre, na kina mama wanamwangalia kanisani wakipima umri wake na wa mtoto wao aliyepotea. Siwezi kuamini kwamba hakuna aliyemuuliza.

Na mwaka 1882 ndiyo ikatokea balaa ambalo linanifanya nisilale. Septemba mwaka ule Wagwangwara, hao Wangoni wa upande wa Songea, waliivamia Masasi. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Hebu fikiria mtu aliyeuzwa utotoni, akakombolewa baharini, akalelewa, akaolewa, akarudi, halafu anafungwa kamba mara ya pili. Padre W. C. Porter alifunga safari kwa miguu mpaka huko Ugwangwara kuwadai watu wake, na baadhi wakarudi. Wengine hawakurudi. Kwa hiyo hapo Masasi kulikuwa na watu waliopotea mara mbili, na waliowatafuta mara ya pili hawakuwa ndugu wa damu, walikuwa wale waliopangiwa kuwa ndugu na misheni. Mimi hilo nalihesabu undugu, sijui nyinyi.

Baada ya uvamizi, misheni ikahama kwa muda. Unajua ilihamia wapi? Newala! Kwa Matola, mkuu wa Wayao aliyekuwa rafiki wa Padre Chauncy Maples. Yaani kuanzia mwisho wa 1882 kulikuwa na watu waliokombolewa, wake kwa waume, wanaishi juu ya tambarare yetu, mwendo wa siku moja au pungufu kutoka Mnyambe. Nilipolipata hili nilitoka maktaba nikaenda kukaa chini ya miembe nusu saa nzima. Kama mtoto wetu alikuwa mmoja wa wasichana wa Mbweni, na kama aliolewa na mmoja wa waliotumwa bara, angeweza kuwa amekaa Newala na mtungi wake, anashuka bonde lile lile, amesahau Kimakonde, anaitwa Agnes au Kate, na dada yake yuko juu ya kilima kinachofuata. Najua, "kama" mbili hazijengi nyumba. Lakini ndiyo kama zangu bora kuliko zote mpaka sasa.

Mbweni yenyewe inastahili aya yake. Shamba lilinunuliwa na misheni mwaka 1871, kikawa kijiji cha waliokombolewa, kukawa na shule ya wasichana. Caroline Thackeray alifika kufundisha mwaka 1877 na hakuondoka tena, alifia huko huko mwaka 1926. Karibu miaka hamsini mwanamke mmoja anapokea watoto wasio na mama. Magofu ya shule bado yapo, ukienda Unguja utayaona karibu na bahari. Sina neno baya juu yake, ila shule ile ilikuwa inafanya kazi mbili kwa mpigo, kumpa mtoto maisha na kumpa sura mpya kabisa. Waliozwa na vijana wa Kiungani. Wakazaa. Wajukuu wakawa Waunguja.

Sasa kuhusu kuamini maandishi. Kuna kisa cha Swema, msichana wa Kiyao, kilichoandikwa na mapadre wa Unguja na kuchapishwa Ufaransa. Alichukuliwa pamoja na mama yake, mama akafia njiani, yeye akafika Unguja akiwa mahututi, akazikwa akidhaniwa mfu, akafukuliwa hai na kupelekwa misheni. Ukisoma unalia. Lakini Edward Alpers, mwanahistoria aliyeandika juu yake mwaka 1983, anatukumbusha kwamba waliokiandika walikuwa na lao, walitaka wafadhili walie. Vivyo hivyo A. C. Madan wa UMCA alitoa mwaka 1887 kitabu cha masimulizi ya wavulana wa Kiungani kuhusu nchi zao na walivyotekwa. Petro Kilekwa, Mbisa aliyeokolewa na manowari karibu na Muskat na akaja kuwa padre, kitabu chake kilitoka 1937, na humo anakumbuka mama yake alivyotaka kumkomboa akashindwa kupata mali iliyodaiwa. James Mbotela wa Freretown aliandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kwa Kiswahili chetu hiki, habari za kizazi cha baba yake. Mnaona wenyewe: wavulana ndio waliandika. Msichana mmoja tumempata, na kalamu ilikuwa mkononi mwa padre.

Inabidi pia niwe mkweli kwamba huenda misheni haihusiki kabisa. Wengi hawakukamatwa na manowari yoyote. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, bei ikapanda, Pemba ikanusurika na ikahitaji mikono. Baada ya mkataba wa Juni 1873 kufunga soko na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, biashara haikufa, ilipita gizani na nchi kavu. Wengine walivushwa kwenda Ngazija na Bukini, ambako mpaka leo kuna watu wanaoitwa Wamakoa. Durban, Afrika Kusini, kuna jamii inaitwa Wazanzibari ambao wengi asili yao ni Wamakua, waliopelekwa huko kati ya 1873 na 1880, watu zaidi ya 500. Walikaa Bluff wakishika Uislamu, lugha yao na Kiswahili mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth. (Mtu mmoja darasani aliniambia niwaulize Wamakonde wa Kenya, wale waliotambuliwa kuwa kabila la Kenya mwaka 2017. Hapana bwana, wale ni habari nyingine, walikwenda kwenye mashamba ya mkonge karne ya ishirini, wengi kutoka Msumbiji.)

Kwa hiyo nimepanga hivi. Bumu likitoka nitapanda boti. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, zina karatasi za ubalozi wa Kiingereza na habari za waliopewa hati za uhuru. Sitatafuta jina. Nitatafuta msichana, umri wa miaka saba mpaka kumi na mbili, aliyeandikwa Mmakonde, Mmakua, Myao au Mnyasa, aliyetokea Lindi au Mikindani, kati ya 1870 na 1882. Bibi ananipa mpaka huo wa mwisho kwa sababu anasema ilikuwa kabla Wagwangwara hawajapiga Masasi. Nitatoka na orodha, siyo na mtu. Karatasi za UMCA zenyewe ziko Oxford, na hizo bumu halifiki.

Sasa lile jina. Kwetu jina la aliyekufa hurithiwa, mtoto anayezaliwa analibeba, mtu hapotei. Jina la huyu halijawahi kupewa mtoto yeyote, vizazi vitano. Kumpa mtoto mwingine ni kusema kwamba mwenyewe amekufa, na hakuna aliyekuwa tayari kulisema hilo. Ndiyo maana siliandiki hapa pia, bibi anaona kuliandika ni karibu sawa na kuligawa. Dada yangu atajifungua mwezi wa nane. Wamempima, ni msichana. Mjomba anasema wakati umefika, kwa hesabu yoyote ile yule bibi amekufa, jina litoke. Bibi amesema wasubiri mpaka mimi nirudi Unguja.

Boti ya asubuhi inaondoka saa moja. Nitawaandikia nikifika.